Kuweka sifuri na ofseti za visu kwenye mashine ndogo ya kukereza ya kompyuta

Sifuri ni mahali vipimo vya kipande vinapoanzia; ofseti ni namba inayoiambia mashine ncha ya kila kisu iko wapi. Tuchukue mfano wa bushi ya shaba ya shafti ya boti. Kwanza irudishe mashine nyumbani, yaani kwenye swichi zake za kuanzia, kwa mihimili yote miwili: X (kipenyo) na Z (urefu). Ncha ya kisu lazima iwe sawa na kitovu cha spindo, sehemu inayozungusha kipande. Ikiwa chini, itaacha chunusi katikati ya uso.

Ita kisu cha kwanza, T1, kata uso wa kipande, toka kwa X tu, kisha ingiza Z0 kwenye ofseti yake. Sasa kereza kipenyo urefu wa milimita 10 hivi, toka kwa Z bila kugusa X, zima spindo, pima kwa maikromita. Ukipata milimita 24.86, hiyo ndiyo X yako. Hapa ndipo wengi huharibu: mashine inayosoma kipenyo ukiipa nusu yake, 12.43, ukiiamuru kipenyo cha 20 kisu kitasimama kwenye 32.43, nje ya sehemu uliyokereza.

Kwa kisu cha pili, T2, usikate uso upya, maana sifuri itahama. Spindo ikiwa imezimwa, weka karatasi kati ya kisu na uso wa kipande, sogeza kisu hatua za milimita 0.01 hadi karatasi ianze kubana, uandike unene wake, mara nyingi 0.1, kama Z. Sogea upande uleule daima, la sivyo ulegevu wa skrubu utaingia kwenye kipimo.

Umeme ukikatika, rudi nyumbani tena kabla ya kukata. Mashine isiyo na swichi za nyumbani, gusisha kisu kwenye kipande uingize vipimo upya.