Jinsi ya kufuatilia historia ya mtaa wa nyumba za kanjo Nairobi

Ukitaka kuandika historia ya Kaloleni, Makongeni au Ofafa Maringo, usianze na mwaka. Anza na mwenye nyumba. Eastlands, mashariki mwa jiji, karibu kila nyumba ya zamani huitwa nyumba ya kanjo (ya halmashauri ya jiji), lakini Muthurwa na Makongeni zilikuwa landhi za reli, yaani makao ya wafanyakazi wa reli, na mafaili yake si ya City Hall. Wenye nyumba pia hubadilika: landhi hizo zilipita mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na nyumba za halmashauri ya jiji zikawa za kaunti mwaka 2013. Andika orodha ya wamiliki kabla ya jambo lingine, kwa kuwa kila mmoja aliacha karatasi mahali pake.

Halafu tenganisha tarehe. Mtaa mmoja una tarehe nne: ya kuamuliwa, ya kuanza ujenzi, ya wapangaji wa kwanza kuingia, na ya kupewa jina linalotumika leo. Makala nyingi huzichanganya, ndiyo maana mtaa mmoja hupewa miaka mitatu tofauti. Tuchukue mitaa ya Mbotela na Ofafa, iliyopewa majina ya watu. Kiongozi Tom Mbotela aliuawa Novemba 1952, na diwani Ambrose Ofafa mwaka 1953. Kwa hiyo majina hayo hayawezi kuwa ya kabla ya hapo, ila msingi wa nyumba unaweza kuwa ulichimbwa mapema. Isitoshe, Ofafa si mtaa mmoja: kuna Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na nyinginezo, zilizojengwa kwa awamu. Kila awamu ifungulie ukurasa wake.

Majina yanayofanana pia ni mtego. Kijiji cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za kanjo za Pangani, zilizobomolewa miaka ya karibuni kupisha maghorofa, ni habari nyingine kabisa.

Sasa nenda mtaani na tepu ya kupimia. Pima chumba ndani, ukuta hadi ukuta, kisha gawa sentimita kwa 30.48, maana ramani za zamani zimechorwa kwa futi. Chumba cha mita 3.05 ni cha futi kumi kamili. Kikitoka na desimali zisizoeleweka, angalia kama plasta imeongezwa au ukuta umesogezwa. Hesabu milango ya kila jengo, vyoo, na mabomba ya maji ya pamoja, na uandike kama jiko liko ndani, kibarazani au halipo.

Hesabu hii ndiyo inayosema zaidi. Vyumba visivyo na jiko, vyenye choo cha pamoja nje, vinaashiria makao ya vibarua wanaume: mtu alikodi nafasi ya kitanda, si nyumba, na mke alitarajiwa kubaki kijijini. Nyumba yenye jiko na choo chake ilikusudiwa familia. Kaloleni ya miaka ya 1940, na nyumba zake zilizozunguka viwanja vya wazi na ukumbi wa jamii, ilikuwa imeelekea huko tayari, lakini msukumo mkubwa ulitoka kwa kamati ya Carpenter ya 1954, iliyopendekeza mshahara unaoweza kutunza familia. Ukikuta mtaa wa baadaye bado una vyumba vya vitanda, usidhani umekosea. Kupanga ni jambo moja, bajeti ni jingine.

Kwa karatasi, fika Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue. Tafuta ripoti za kila mwaka za afisa wa manispaa aliyeshughulikia Waafrika, na mafaili yenye alama MAA (mambo ya Waafrika) na ABK (kazi). Usitafute kwa majina ya leo pekee. Jogoo Road iliitwa Doonholm Road, na ukiandika Jogoo hutapata kitu. Kodi iliyoandikwa kwa shilingi kabla ya 1966 ni ya shilingi ya Afrika Mashariki. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 usome kama nia, wala usiuchukue kuwa ushahidi kwamba kitu kilijengwa. Uthibitisho uko kwenye picha za angani za idara ya upimaji, Ruaraka: jengo lisilokuwepo kwenye picha moja na lililopo kwenye inayofuata lilijengwa kati ya hizo mbili.

Wazee usiwaulize "mwaka gani?" Watakupa mwaka kwa heshima tu. Uliza kama walihamia kabla au baada ya Operesheni Anvil (msako mkubwa wa Waingereza jijini dhidi ya Mau Mau, Aprili 1954), Uhuru, au kuuawa kwa Tom Mboya (Julai 1969). Zungumza na akina mama pia, peke yao ikiwezekana, kwani wao ndio wanaojua bomba liliwekwa lini. Omba kuona kadi ya kodi na uipige picha pande zote mbili, lakini funika jina na namba ya nyumba kabla ya kuichapisha. Mtaani kuna hofu ya kufukuzwa na ya malimbikizo ya kodi. Suala la nani kampangisha nani usiliguse hata kidogo, la sivyo milango itafungwa mtaa mzima.

Dandora haifuati njia hii. Mradi wa 1975 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulitoa takriban ploti 6,000 zenye maji na choo, na mwenye ploti akajijengea. Huko fuatilia ploti: nani aligawiwa, aliongeza chumba kipi lini, na ghorofa ilipanda mwaka gani.