Namna ya kuandika marafiki wanaopendana katika hadithi za Regency

Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii, marafiki wanaogeuka wapenzi katika Uingereza ya zamani, niliiharibu ukurasa wa tatu. Kijana alimtazama binti wa jirani, moyo ukamdunda, basi. Mwenzangu aliyeisoma akaniuliza, "Huo urafiki wenyewe uko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika tu kwamba wanajuana tangu utotoni.

Kwa hiyo anza na urafiki, tena uonekane. Wape kitu wanachofanya wawili. Wangu niliwapa sataranji: Kitty huiba kete akidhani Edward haoni, na Edward huona kila mara akanyamaza. Mistari minne tu, lakini msomaji keshajua nani anamvumilia nani.

Kisha zijue sheria za wakati ule, maana utamu wote umejificha humo. Regency ni Uingereza ya 1811 hadi 1820, mwanamfalme George akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa. Binti wa familia yenye hadhi haachwi peke yake na mwanamume. Wakiandikiana barua, watu wanahesabu ni wachumba. Akicheza naye zaidi ya mara mbili usiku mmoja, maneno yanaanza. Mchumba mgeni basi anamjua binti kupitia dansi na maongezi ya sebuleni, mama akiwa pale pale. Ila rafiki wa kaka yake binti, kama Edward wangu, anaingia nyumbani kama mtoto wa humo. Amemwona na viatu vya matope, amemwona akinuna. Ndiyo maana ana cha kupoteza: akisema anampenda na akakataliwa, hana tena pa kwenda kucheza sataranji.

Hofu hiyo iandike taratibu. Mmoja atangulie kujua, mwingine achelewe sana. (Wivu wa mtu wa tatu ni njia rahisi mno. Ukiutumia, angalau mshindani awe mtu mwema.)

Majina yatakufanyia nusu ya kazi. Kwa adabu za siku zile, jina la kwanza ni la nyumbani. Miaka kumi Edward alisema "Kitty". Usiku wa dansi, mbele za watu, anasema "Miss Ward", na Kitty anaumia bila kujua kwa nini. Wanashikana mikono, wote wamevaa glavu. Kitty haigusi ngozi ya Edward, lakini anajua chini ya kitambaa kuna kovu kwenye kidole gumba, kwa sababu alikuwepo siku kilipokatwa. Nilikaa jioni nzima na aya hiyo moja. Supu, mishumaa na magari ya farasi nilivipitia mbio.

Usiwakimbize Gretna Green, kile kijiji cha Scotland mpakani na Uingereza. Ni kweli sheria ya ndoa ya Uingereza ya 1753 ilimbana aliye chini ya miaka 21 asiye na ridhaa ya wazazi, na wapenzi wakawa wanavuka kwenda Scotland, ambako sheria hiyo haikufika, wakafunge ndoa. Lakini hawa wanakimbia nini? Mama yake Kitty anampenda Edward kuliko anavyowapenda wanawe. Kizuizi kiko vifuani mwao, kiache huko.

Posa nayo isiwe hotuba. Katika toleo langu la nne, Kitty anafungua kiganja na kuirudisha kete ubaoni.

"Umeiona lini?" anauliza.

"Tangu ile ya kwanza, Kitty."