Kiziwi Akiletwa Kituoni: Mkalimani Kwanza, Taarifa Baadaye

Kesi ya kiziwi mara nyingi huharibikia kwenye dawati la OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Konstebo anampa kalamu na karatasi, kiziwi anaitikia kwa kichwa, inaandikwa kwamba amekubali. Lakini Lugha ya Ishara ya Kenya ina sarufi yake, na anayeiongea kwa ufasaha huenda asielewe maandishi ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Kuitikia kwa kichwa nako mara nyingi ni kusema tu, "nakuona, endelea."

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aliyekamatwa aelezwe bila kukawia, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza. Kinataka pia afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti muda ukiishia nje ya saa za kazi. Basi mkalimani aanze kutafutwa saa ya kwanza.

OCS, yaani mkuu wa kituo, abandike dawatini nambari za wakalimani angalau wanne, wawili wao wanawake, kwa ajili ya kesi za ubakaji na dhuluma za nyumbani. Ratiba ya zamu nayo imtaje afisa anayejua ishara. Huyo ampokee mtu, amtulize, aulize kama ameumia, aishie hapo. Akitafsiri mahojiano, wakili wa utetezi atauliza kortini alikuwa upande wa nani, na swali hilo ni la haki kabisa. Jamaa pia asitumiwe: huficha aibu ya nyumba, na wakati mwingine ndiye mtuhumiwa.

Mkalimani akisubiriwa, pingu, kama ni lazima, zifungwe mbele. Kumfunga kiziwi mikono mgongoni ni kumziba mdomo. Asiwekwe gizani, na aruhusiwe kumtumia wakili au jamaa ujumbe.

Mkalimani akifika, wape dakika kama kumi wazungumze mambo yasiyo ya kesi, wapimane lugha. Ikiwa mtu anajua ishara za nyumbani kwao tu, itabidi aongezwe mkalimani ambaye mwenyewe ni kiziwi. Mkalimani akae kando ya mpelelezi, dirisha lisiwe nyuma yao. Mpelelezi amtazame kiziwi na kumuuliza, "Ulikuwa wapi?", asimwambie mkalimani, "Muulize alikuwa wapi." Kila baada ya nusu saa wapumzike, mkalimani aliyechoka huanza kuruka maneno bila kujua.

Haki ya kunyamaza ndiyo hukwama zaidi. Usiulize, "Umeelewa?" Mwombe aeleze kwa ishara zake mwenyewe kitakachotokea akijibu, na akikataa kujibu. Akishindwa, anza upya kwa mfano.

Rekodi video inayoonyesha mikono na nyuso za kiziwi na mkalimani, kwa sababu taarifa iliyoandikwa ni maneno ya mkalimani. Ishara zenyewe hazimo. Taarifa irudiwe kwa ishara kabla ya sahihi. Andika jina la mkalimani, saa ya kuanza na kumaliza, naye atie sahihi. Video iwekwe nambari ya OB na ikabidhiwe pamoja na faili.