Diski haijimaunti yenyewe kwenye Linux? Usifomati kwanza

Umechomeka eksteno, taa inawaka, unaisikia kabisa inazunguka, ila ukifungua mafaili hakuna kitu, yaani haijamaunti (Linux haijaiunganisha kwenye folda ili uone mafaili yake). Tulia kwanza.

Fungua terminali andika `sudo dmesg -w` halafu chomoa diski uchomeke tena huku unaangalia. Usipoona hata mstari mmoja mpya basi Linux haina kosa, badilisha waya au tundu la USB (mi nina waya mbili kwenye droo zinapitisha umeme tu, data hamna). Ukiona sdb au sdc imetokea (majina ambayo Linux inazipa diski), mashine imeiona, sasa piga `lsblk -f` ujue imefomatiwa kwa mfumo gani na UUID yake (namba ya kuitambulisha) ni ipi.

Kama inaonekana hapo ila haijimaunti, cheki `systemctl status udisks2` (huduma inayomaunti diski za kuchomeka) kama inafanya kazi, na kwa wa desktop ya GNOME `gsettings get org.gnome.desktop.media-handling automount` inatakiwa ijibu true. Wa i3 na Openbox (mazingira mepesi ya madirisha) hamna wa kuwafanyia hiyo kazi, wekeni udiskie, programu ya kumaunti yenyewe.

Ikiwa ni NTFS (fomati ya Windows) na mashine ina Windows pia, mshukiwa wa kwanza ni Fast Startup. Windows ukiizima inalala tu, haizimiki kabisa, na diski inaiacha kama bado inaitumia, Linux ikija inagoma au inakupa kusoma tu bila kuandika. Rudi Windows, fungua CMD kama admin, `powercfg /h off`, kisha zima upya. Ntfsfix ya Linux ipo ila haichukui nafasi ya chkdsk (kikagua diski cha Windows), mi naigusa nikikwama tu.

Sasa diski ya ndani unayotaka ijimaunti kila ukiwasha, hiyo ni ya fstab (faili lenye orodha ya diski za kumaunti mashine ikiwaka), na hapa ndo mi niliumia. Niliandika /dev/sdb1, ikaenda vizuri miezi kadhaa, siku moja nikawasha mashine nimesahau flashi imechomekwa, flashi ikajichukulia sdb, diski yangu ikasogea ikawa sdc, mashine ikajaribu kuifungua flashi kama ext4 (fomati ya Linux), ikashindwa, ikanitupa emergency mode (hali ya dharura, skrini ya amri tu) asubuhi nina kazi ya watu. Haya majina yanabadilika, UUID haibadiliki mpaka ufomati. Andika hivi kwenye /etc/fstab, namba-yako ni ile UUID ya `lsblk -f`:

`UUID=namba-yako /mnt/data ext4 defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Hiyo nofail usiiache, bila hiyo diski isipokuwepo mashine inasubiri (kawaida sekunde 90, kwa mstari huu 10) halafu inakataa kuendelea. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /mnt/data`, kisha kabla hujarestati piga `sudo findmnt --verify`, `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo mount -a`. Ikilalamika hapo shukuru, bado uko ndani.

Na kama umeshatupwa emergency mode, weka pasiwedi ya root, `mount -o remount,rw /`, fungua /etc/fstab kwa nano, weka # mwanzo wa ule mstari, sevu, `reboot`.