Kagua rejeta kabla hujaifikia Kitonga

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Iringa, gari linaweza kutulia vizuri hadi Ruaha Mbuyuni. Unanunua vitunguu, unaondoka. Halafu ndiyo Kitonga: mlima mrefu, kona kali, lori lenye shehena mbele yako, gia ya pili. Upepo wa mwendo haupo tena, joto lote linabaki kwa maji na feni. Magari mengi yanayochemsha pale yalitoka nyumbani na ubovu wao, kwa hiyo kagua lako siku 3 au 4 kabla, fundi apate muda wa kutafuta spea.

Kagua asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Fungua rejeta yenyewe, maana kopo la akiba linaweza kujaa huku rejeta imepungua. Maji yawe yamefika shingoni. Yakiwa na rangi ya kutu, mwaga yote, suuza, weka kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya kisima chenye chumvi hula chuma na kuziba njia za rejeta, hata kama ni ya bure.

Mfuniko nao utazame. Raba ikiwa imekauka au imepasuka, nunua mwingine wenye namba ileile, kwa mfano 1.1. Namba hiyo ni mgandamizo, na ndio unaofanya maji yavumilie hadi karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Iringa, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi kama 95. Mfuniko mbovu unakurudisha huko.

Minya mipira ya maji, hasa karibu na klempu, yaani vibano vinavyoikaza. Uliolainika kama mkate uliolowa, au wenye ukoko mweupe pembeni, ubadilishe. Washa AC gari likiwa limesimama, uone feni inazunguka.

Sasa themostati, kile kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakisema huku kwetu kuna joto. Mimi nasema hapana. Bila hiyo injini hukawia kupata joto lake na hula mafuta, na kwenye baadhi ya injini maji huzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta, gari likachemsha zaidi. Unaitilia shaka? Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88, yaani kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, imekufa.

Maji yakipungua kila wiki na huoni yanapovujia, usisafiri. Huenda yanaingia ndani ya injini, kwa hiyo fundi aangalie kwanza gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku.

Beba maji lita 5 na klempu 2. Mshale wa joto ukianza kupanda mlimani, zima AC, fungulia hita mwisho ili itoe joto la injini, simama mahali salama. Mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono mtupu.