Kupima moyo wa mwanamichezo bila kudungwa wala kupasuliwa

Nyinyi mnaokimbia Mama Ngina hapa Mombasa alfajiri na nyinyi wa kabumbu pale Tononoka, hii ni yenu pamoja na makocha wenu. Shida ya moyo wa mwanamichezo ni kuwa ukipimwa na mtu asojua kama wafanya mazoezi waweza kuitwa mgonjwa na wewe mzima, na kinyume chake pia kipo, mtu ana mbio na kifua kipana na ndani kuna kasoro. Kwa hivyo ukiingia kwa daktari neno la kwanza ni hilo: mchezo gani, masaa mangapi kwa wiki, tangu lini.

Anza nyumbani, haina gharama. Ukiamka, kabla hujashuka kitandani, weka vidole viwili (sio gumba, lina pigo lake) kwenye mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Mtu wa kawaida yuko 60 mpaka 100, mkimbiaji alozoea anaweza kuwa 40 na kitu na hana neno. Andika kwa simu kila asubuhi ndo ujue kiwango chako, manake ikipanda ghafla siku mbili tatu mfululizo huenda mwili umechoka, ama homa inakuja, ama maji hujanywa. Na kwetu huku joto lapandisha mapigo hata ukikimbia mwendo ule ule, usilinganishe ya saa kumi na mbili asubuhi na ya saa nane mchana halafu ukashtuka. Muguka, miraa na kahawa tungu weka kando siku ya kupima, la sivyo utakua wapima muguka si moyo.

Halafu kuna ile ya kupima mapigo yanavyoshuka ukimaliza. Kimbia kwa nguvu dakika kadhaa, punguza mpaka utembee polepole, usisimame ghafla kizunguzungu kikakuangusha, hesabu mapigo sekunde 15 uzidishe kwa 4, ikiisha dakika moja hesabu tena. Aliye fiti hushuka sana. Yakipungua kwa mapigo yasiyofika 12 kwa dakika hio ya kwanza, hilo ni la kumuuliza daktari. Hesabu ya 220 kutoa umri, ile ya kukisia mapigo yako ya juu kabisa, ni makadirio tu, yaweza kukosea kwa mapigo 10 na zaidi, msigombane nayo.

Sasa ECG, kipimo cha kuchora umeme wa moyo kwenye karatasi. Walala chali, unabandikwa stika 10, sita kifuani na nne mikononi na miguuni, hakuna umeme unaoingia mwilini, mashine yasikiliza tu. Kwa jasho letu la pwani stika hazishiki, kwa hivyo fika mapema, pumzika, jifute kifua kikauke, na kama una nywele nyingi usione haya kunyolewa kidogo. Usiongee, usitetemeke, legeza mikono. Nyaya za mkono wa kulia na wa kushoto zikibadilishana karatasi inatoka kama ya mgonjwa, kwa hivyo ikitoka kitu cha ajabu omba irudiwe kabla hujaanza kulia.

Na yale maandishi ambayo mashine huchapa juu ya karatasi yasikutishe wewe wala kocha, yametengenezwa kwa watu wa kawaida. Mapigo ya polepole, na umeme kuchelewa kidogo kupita kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, hayo ni ya mazoezi. Kwa wanamichezo weusi wimbi la T (kile kilima cha mwisho cha kila pigo kwenye mchoro) laweza kupinduka kwenye V1 mpaka V4 (stika nne za kwanza za kifuani), na kama kabla yake mstari umenyanyuka kwa mviringo, mtu hana dalili na kwao hakuna historia ya ugonjwa wa moyo, mara nyingi ni kawaida. Likipinduka kwenye V5 na V6 (zile mbili za mwisho) hapo hakuna mjadala, ni eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti.

Eko ndo yenyewe hasa, mimi nikiwa na pesa ya kipimo kimoja kwa mchezaji mwenye dalili naipeleka huko. Unalala ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, unapakwa jeli baridi, kile kifaa kinapitishwa katikati ya mbavu, na utaambiwa toa pumzi ushikilie. Uliza namba mbili. Ya kwanza unene wa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto: wanamichezo wengi wako chini ya milimita 13, kati ya 13 na 15 ni eneo la utata, zaidi ya hapo washukiwe ugonjwa. Ukuta ukinenepa kwa mazoezi chumba nacho hupanuka, kwa ugonjwa chumba mara nyingi hubaki kidogo. Wakikwama daktari aweza kukwambia uache mazoezi kama miezi mitatu waone kama ukuta utapungua, inauma lakini ndo njia. Ya pili ni asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, kawaida 55 kwenda juu, ila mkimbiaji wa masafa aweza kuwa 50 na kitu akipumzika na ikapanda vizuri akikimbia.

Ndo maana ya tredmili (mashine ya kukimbilia) na stika za ECG kifuani. Mtindo maarufu waanza kilomita 2.7 kwa saa kwenye mwinuko wa asilimia 10 na kila dakika tatu unaongezwa kasi na mwinuko. Mwambie sista usisimamishwe mapigo yakifika asilimia 85 ya ile hesabu ya umri, mwanamichezo apelekwe mpaka achoke kabisa, huko juu ndo kasoro hutoka.

Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28, na uchunguzi ukaonyesha ukuta wa moyo mnene wa kurithi. Kwa hivyo kocha, uliza kila mchezaji: ushawahi kuzirai ukiwa wakimbia (si baada ya kumaliza, ukiwa wakimbia), kifua chabana, kuna aliyekufa ghafla kwenu kabla ya miaka 50? Mmoja akisema ndio, akae nje mpaka apigwe eko, hata kama ECG ni safi. Mwenye homa naye asikimbie wala asipimwe, angoje apone.

Na kijana wa miaka 14 akitoka safi leo arudishwe tena akishabaleghe, ule ukuta wa ugonjwa wa kurithi mara nyingi hunenepa umri huo.