Jinsi ya kumpelekea sonara almasi uliyonunua mtandaoni aiweke kwenye pete

Nafanya kazi ya usonara hapa Tabora mjini, na siku hizi vijana wanaojiandaa kuoa wananijia na almasi walizoagiza mtandaoni, zimefungwa kwenye kikaratasi. Juzi nilimaliza pete ya kijana wa Isevya, jiwe la nusu karati, na maswali yake ndiyo yamenifanya niandike haya. Sonara wako awe mimi au mwingine, utaratibu ni mmoja.

Hatua ya 1: Agiza jiwe lenye cheti

Cheti kiwe cha GIA au IGI, ambazo ni maabara za kupima vito, na namba yake iwe imechorwa kwa leza kwenye mkanda wa jiwe, yaani ukingo mwembamba unaolizunguka. Tunza risiti, forodhani utaulizwa. Wapo watakaokushangaa unaagiza mbali wakati mgodi wa almasi wa Mwadui uko hapo Shinyanga. Kweli, mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940, lakini mawe ya mgodini hutoka yakiwa ghafi, yaani hayajakatwa. Mtu akikufuata stendi na kijiwe anachodai ni cha Mwadui, achana naye: biashara ya almasi ghafi bila leseni ni kosa.

Hatua ya 2: Pima kidole

Jioni, kwa pete za kupimia za sonara. Uzi hudanganya.

Hatua ya 3: Chagua dhahabu na umbo

Mimi nashikilia karati 18, yenye muhuri wa 750 (kwa dhahabu karati ni kiwango cha usafi, kwa almasi ni uzito). Karati 22 wanayoipenda mama zetu ni nzuri kwa bangili, ila kwa makucha ya kushika jiwe ni laini mno. Jiwe la duara nalipa makucha sita. La mraba lenye kona kali linataka makucha yanayofunika kona, maana hapo ndipo linapovunjika. Kama cheti kinasema rangi ni J au K, chukua dhahabu ya njano. Kwenye dhahabu nyeupe umanjano wa jiwe utaonekana. Ukileta mkufu wa bibi uyeyushwe, sawa kwa mwili wa pete, lakini makucha naomba yawe ya dhahabu mpya.

Hatua ya 4: Kabidhi jiwe mkiwa wawili mnaliangalia

Tumieni lensi ya kukuza mara 10, msome namba ya leza pamoja, kisha muandike namba, uzito na vipimo vya milimita, kila mmoja abaki na nakala. Nusu karati ni gramu 0.1 tu, kwa hiyo mizani ya kawaida ya dhahabu haitoshi; jiwe la duara la uzito huo huwa na upana wa milimita 5 na kidogo. Kalamu ya kupimia almasi usiitegemee peke yake. Kioo inakikamata, lakini moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, huipita.

Hatua ya 5: Moto kwanza, jiwe mwisho

Hapa soma taratibu. Watu wanajua almasi ni ngumu, wakadhani moto hauiwezi. Almasi ni kaboni, ndugu yangu, na kaboni huungua. Ikipata joto la nyuzi 800 na kitu penye hewa, uso wake huanza kuliwa na kubaki na ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni wala brashi. Kuuondoa ni mpaka jiwe lisagwe upya, lipungue uzito, na hiyo ni kazi ya mkata almasi, si ya sonara.

Tochi ya kulehemu hufika joto hilo na kulipita. Kwa hiyo pete iundwe, makucha yalehemiwe, ijaribiwe kidoleni, ipigwe msasa na kung'arishwa, jiwe likiwa bado kwenye karatasi yake. Pete ikionekana kubana baada ya jiwe kukaa, itabidi irudi motoni, na hapo njia salama ni kulitoa jiwe.

Sonara akisema makucha yatachoka yakifunguliwa, na mara nyingi ni kweli, basi jiwe lisafishwe mafuta yote, pete ichovywe kwenye asidi ya boriki iliyokorogwa na spiriti, kisha iwashwe ili spiriti iungue na kuacha unga mweupe juu ya jiwe. Unga huo ukipata moto huyeyuka na kulifunika, hewa isiliguse. Moto uelekezwe chini ya pete, mbali na jiwe. Baada ya hapo pete ipoe yenyewe. Fundi aliyezoea kutumbukiza pete ya moto majini mwambie mapema asithubutu, kwa sababu almasi yenye ufa ndani inaweza kupasuka hapo hapo. Na kama nyufa za jiwe lako zilijazwa kitaalamu, hata boriki haisaidii. Kijazio hicho hakistahimili tochi. Almasi iliyotengenezwa maabara nayo ifuate masharti haya haya.

Hatua ya 6: Kulikalisha jiwe

Kikalio, yaani mkato wa kukalia jiwe unaokatwa ndani ya kila kucha, kisizidi nusu ya unene wake. Mimi huishia theluthi. Makucha yasukumwe kwa jozi zinazotazamana. Gundi hapana, hata tone.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulipa salio

Soma tena namba ya leza (mwambie sonara mapema asiifunike kwa kucha). Sogeza pete sikioni uigonge kwa kidole. Ukisikia jiwe linagongagonga, linacheza. Mwisho pitisha soksi ya nailoni juu ya makucha. Ikinasa popote, mrudishie sonara alilaze kucha hilo ukiwa umekaa pale pale.